Kilomita 100 kwa miguu, siku nne: jiandalie siku ya pili

Swali: Nina miaka 41 na kilo 68. Kila Jumamosi hutembea kilomita 10 hadi 12 bila shida. Baada ya wiki 10 nataka kutembea kilomita 100 mashambani kwa siku nne, nikilala ndani ya nyumba kila usiku, na nimepanga kilomita 25 kwa siku. Mwezi uliopita nilijaribu kilomita 22 nikiwa na begi la kilo 12. Kufika kilomita ya 15 miguu ikawa mizito. Nilimaliza na malengelenge kisiginoni na chini ya kidole cha mwisho, na kucha za vidole gumba zikawa nyeusi. Viatu vilikuwa vipya, saizi ninayovaa siku zote. Soksi za pamba. Je, wiki 10 zinatosha, na nianzie wapi?

Jibu: Zinatosha. Mtu anayetembea kilomita 12 bila shida ana pumzi ya kutosha kwa 25. Kinachomkwamisha ni nyayo, kano na mpangilio wa siku yake. Jaribio lako limekwisha kuonyesha karibu kila kitu kinachohitaji kurekebishwa: begi zito mno, viatu vifupi, soksi zinazoshika maji, na huenda pia ulianza kwa kasi huku tumbo likiwa tupu. Ila kuna jambo moja ambalo jaribio la siku moja haliwezi kukuonyesha. Safari ya siku nne huamuliwa na asubuhi ya siku ya pili, pale unapoamka mapaja yamekaza, nyayo zimevimba kidogo, ngozi ina madoa mekundu, na begi ni lilelile. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi yenyewe. Kwa hiyo hata ukimaliza siku ya kwanza ukicheka, hujui bado.

Ndiyo maana nisingegawa kilomita zako sawasawa. Badala ya 25 kila siku, tembea 25, kisha 20, kisha 27, kisha 28. Siku ya pili iwe fupi kuliko zote, ufike mapema, ufue soksi, ulale alasiri miguu ikiwa imeinuliwa. Kama vituo vya kulala haviruhusu mgawanyo huo hasa, sogeza unavyoweza, mradi siku ya pili isiwe ndefu wala isiwe ndiyo yenye milima.

Wiki 10 zenyewe

Kanuni moja inatosha kukulinda: usiongeze umbali na uzito wa begi katika wiki moja. Misuli huimarika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchelewa, na wanaoumia mazoezini mara nyingi ni wale ambao misuli yao imewadanganya kwamba kila kitu kiko tayari. Mpasuko mwembamba wa mifupa ya wayo hujulikana sana miongoni mwa askari wapya kwa sababu hiyohiyo: umbali na mzigo vimeongezwa pamoja, haraka.

Jumamosi tatu za kwanza tembea kilomita 12, 14, kisha 16, begi likiwa na maji tu. Wiki ya nne rudi kwenye 12, na hapo ndipo utie kilo 4. Wiki ya tano anza kutembea siku mbili mfululizo: Jumamosi 18, Jumapili 8. Ya sita, 20 na 12. Ya saba pumzisha mwili kwa kilomita 14 za siku moja, begi likiwa na uzito kamili wa safari. Wiki ya nane ndiyo mtihani: 22 Jumamosi, 18 Jumapili, kwa viatu, soksi, begi na chakula utakavyokuwa navyo safarini. Ya tisa shuka hadi 16. Wiki ya mwisho tembea kilomita 5 mara mbili bila mzigo, na siku mbili kabla ya kuondoka usifanye lolote. Katikati ya kila wiki kabla ya hiyo ya mwisho ongeza matembezi mawili ya kilomita 5 au 6, moja likiwa kwenye kilima au ngazi. Usisahau kushuka. Wengi hupanda ngazi kwa bidii kisha wakashuka kwa lifti, kumbe kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, kwa kuwa msuli hulazimika kurefuka huku ukizuia uzito usiporomoke.

Ukilazimika kukosa kitu katika ratiba hii, kosa Jumamosi moja ndefu, lakini usikose Jumapili za wiki ya tano, ya sita na ya nane. Zile kilomita chache unazotembea ukiwa umechoka tangu jana ndizo mazoezi halisi ya safari yako.

Miguu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo safari nyingi hukatika.

Lengelenge halitokani na ngozi kusuguliwa juu kama mbao inayopigwa msasa. Ngozi ya nje hunata kwenye soksi, soksi hunata kwenye kiatu, huku mfupa ulio ndani ukiendelea kwenda mbele na nyuma kwa kila hatua. Tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa huku na huku maelfu ya mara, mwisho huachana, na nafasi hiyo hujaa majimaji. Unyevu huongeza kunata. Soksi ya pamba hufyonza jasho na kulishikilia, kwa hiyo mguu wako ulikuwa ndani ya kitambaa chenye maji tangu saa ya kwanza. Tumia soksi za sufu laini, au za nyuzi za viwandani kama poliesta na nailoni, zisizo na mshono mnene kwenye vidole. Chukua jozi tatu: moja mguuni, moja inakauka juu ya begi, moja safi ya jioni. Kuvaa soksi mbili za pamba pamoja, ushauri unaosikika mara kwa mara, ni kuzidisha kosa kwa mbili.

Kucha nyeusi zinasema kiatu ni kifupi. Mguu huvimba ukitembea saa nyingi, na kwenye mteremko huteleza mbele, kucha zikagonga ncha ya kiatu kila hatua hadi damu ivie chini yake. Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba, ukiwa umevaa soksi za safari. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino bila kulazimishwa. Kisha funga kamba na usimame kwenye ubao ulioinama, vidole vikielekea chini. Vikigusa, acha viatu hivyo. Kwa kawaida utaishia nusu saizi au saizi nzima juu ya ile unayovaa kila siku. Lengelenge chini ya kidole cha mwisho linaonyesha pia kwamba kiatu kinabana kwa mbele, kwa hiyo angalia na upana. Viatu utakavyochagua viwe vimetembea kilomita 80 au zaidi kabla ya safari. Ukifuata ratiba ya hapo juu utavuka idadi hiyo mapema.

Lengelenge la kisigino ni suala jingine: kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Dawa yake ni namna ya kufunga kamba. Ukifikia tundu la pili kutoka juu, usivushe kamba upande wa pili. Ipitishe kwenye tundu la juu la upande uleule ili ibaki kitanzi kidogo nje. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha pitisha ncha ya kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini mpaka kisigino kikae, ndipo ufunge. Kaza zaidi kabla ya mteremko mrefu, legeza kidogo kwenye kupanda na baada ya chakula cha mchana, mguu unapokuwa umevimba.

Siku tatu au nne kabla ya kuondoka, kata kucha kwa mstari ulionyooka, usizungushe pembeni. Sugu nene ya kisigino ipunguze kwa jiwe la kusugulia, maana lengelenge likitokea chini ya sugu ni gumu kulifikia. Usiiondoe yote.

Sasa, njiani. Kabla ya lengelenge kutokea, sehemu husika huanza kuhisi joto na mwasho. Ukihisi hivyo simama hapohapo, si kwenye kivuli kijacho wala kilomita inayofuata. Methali ya ufa na ukuta ni kama ilitungwa kwa ajili ya kisigino: dakika tano za plasta sasa, au siku tatu za kuchechemea. Vua kiatu na soksi, ondoa mchanga, futa jasho, acha ngozi ikauke kabisa. Kata kipande cha utepe wa plasta wa michezo kinachozidi eneo lile kwa sentimita mbili kila upande, pembe zake ukizikata ziwe duara ili zisiinuke. Bandika bila mkunjo, kisha kandamiza kwa kiganja kwa nusu dakika. Joto la mkono husaidia gundi kushika. Mahali unapopajua tayari, yaani kisigino na chini ya kidole cha mwisho, pabandike asubuhi kabla ya kuanza. Plasta isiyolegea iache hadi siku ya pili. Kuibandua kila jioni huchuna ngozi.

Lengelenge likishatokea na ni dogo, lisiloumiza, lifunike uliache. Likiwa kubwa na lina shinikizo, nawa mikono, osha mguu kwa sabuni, safisha sindano kwa spiriti, toboa matundu mawili madogo pembeni upande wa chini, kamua taratibu, na uiache ngozi ya juu mahali pake, kwani hiyo ndiyo bandeji bora kuliko zote. Weka kitambaa kisichonata, kisha plasta. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asijitoboe. Amwone mhudumu wa afya. Wekundu unaosambaa, usaha, mstari mwekundu unaopanda mguuni au homa ni ishara ya kuacha kutembea na kutafuta matibabu siku hiyohiyo.

Mapaja na makwapa yapake mafuta ya mgando kabla ya kuvaa. Mchubuko wa mapaja hauandikwi sana, pengine kwa aibu, lakini unaweza kumkalisha mtu chini sawasawa na lengelenge.

Begi

Kilo 12 ni nyingi mno kwa mtu anayelala ndani ya nyumba. Lenga kilo 8 maji yakiwemo, yaani takribani asilimia 12 ya uzito wako. Lita mbili za maji ni kilo mbili, kwa hiyo vingine vyote vibaki kilo 6. Pima kila kitu kwenye mizani ya jikoni, macho hudanganya. Nguo ni seti mbili, ya kutembelea na ya kulalia. Ongeza koti la mvua, kitu kimoja cha joto, kofia, tochi, filimbi, vifaa vya miguu na chakula cha siku moja. Kinachozidi mara nyingi ni nguo za "huenda".

Vitu vizito vikae karibu na mgongo, katikati ya mabega na kiuno. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, na uufunge kwanza, kabla ya mikanda ya mabegani, ili sehemu kubwa ya mzigo ibebwe na nyonga. Mabega yakiuma saa ya kwanza, mkanda umeshuka.

Kuhesabu muda

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme siku yako ya kwanza ina kilomita 25 na jumla ya mita 600 za kupanda. Hiyo ni saa 5 na 1, jumla 6. Ila kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, asiyepumzika. Kwa begi na njia ya mashamba ongeza robo: saa 7 na nusu. Ongeza dakika 5 za kupumzika kila saa na 40 za mchana, unakaribia saa 9. Ukiondoka saa 12:30 asubuhi utafika karibu saa 9:30 alasiri, na una akiba ya kupotea njia mara moja kabla ya giza.

Ukipima umbali kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Usitumie rula peke yake. Laza uzi ufuate kila kona ya njia, kisha unyooshe na upime. Njia za mashambani hupindapinda, na rula hukuibia kilomita mbili au tatu ambazo utazilipa jioni. Weka alama kila mahali penye maji na kila mahali unapoweza kukatiza kwenda barabara kubwa. Simu ni nzuri, lakini betri huisha, kwa hiyo ramani ya karatasi iwemo begini. Mpe mtu mmoja nyumbani ratiba yako na saa ya kukutafuta kama hujapiga simu.

Mwendo, maji, chakula

Saa ya kwanza iwe ya polepole kiasi cha kukuudhi. Kipimo ni maneno: uweze kusema sentensi nzima bila kukatisha pumzi. Kwenye kupanda fupisha hatua na ulinde mdundo wako. Kwenye kushuka piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Fimbo mbili hupunguzia magoti mzigo. Urefu sahihi ni ule unaofanya kiwiko kikunje pembe mraba ukiwa umesimama tambarare. Pumzika dakika 5 kila saa, na mchana vua viatu kabisa.

Anza na nusu lita ya maji kwa saa, kisha ujue kiasi chako mwenyewe katika mazoezi: jipime uzito ukiwa mtupu kabla na baada ya matembezi. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Ukirudi umeongezeka uzito, unakunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari ya kweli, maana maji mengi matupu hushusha chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Siku ya joto kali changanya chumvi na sukari kwa kipimo kinachojulikana hospitalini: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Maji ya mto au kisima usichokijua yachemshe mpaka yatokote dakika moja kamili, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000.

Uzito uliousikia kilomita ya 15 huenda ulikuwa njaa zaidi ya udhaifu. Mtu wa kilo 68 mwenye begi hutumia takribani kilokalori 50 hadi 60 kwa kila kilomita, kwa hiyo siku ya kilomita 25 inakudai zaidi ya 1,250 juu ya chakula chako cha kawaida. Kula saa moja na nusu kabla ya kuanza, kisha gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kidogo kidogo, kabla njaa haijasema. Chagua unachoweza kutafuna mdomo ukiwa mkavu, na uongeze chenye chumvi.

Mashambani kwenyewe

Pita ukingoni mwa shamba, mmoja nyuma ya mwingine kama mko wengi. Lango ulikute limefungwa, uliache limefungwa. Ulikute wazi, liache wazi. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake hata kama njia inapita hapo, zunguka mbali. Barabarani tembea ukitazamana na magari, isipokuwa kwenye kona isiyoonyesha mbele, ambapo ni bora kuhamia upande wa nje wa kona. Mto uendao kasi na unaozidi goti usiuvuke. Ukivuka ulio chini ya hapo, fungua mkanda wa kiunoni kwanza, ili ukianguka uweze kuliacha begi. Radi ikisikika, toka mlimani na kwenye mti uliosimama peke yake. Ukikwama, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu la waokoaji ni mara tatu.

Ukiwa na mwenzako kwenye joto kali, akaanza kuongea ovyo au kuyumba, hiyo si kuchoka. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na uite msaada mara moja. Usimnyweshe kama hajielewi.

Asubuhi ya siku ya pili

Ukiamka umekakamaa, usiamue kitu ukiwa kitandani. Kagua nyayo, bandika plasta, kula, kisha tembea dakika 15 bila begi. Ukakamavu wa misuli hulainika ndani ya muda huo, na ukilainika, ondoka. Maumivu yanayokaa mahali pamoja, hasa juu ya wayo au mbele ya muundi, yanayouma zaidi ukibonyeza kwa kidole na kuongezeka kwa kila hatua, hayo hayalainiki. Ukiyakuta hayo, au ukijikuta unachechemea baada ya dakika 15, fungua ramani na utumie ile njia ya kwenda barabara kubwa uliyoiwekea alama.